Iguana amekuzoea au anasikia baridi tu? Utatuzi wa matatizo kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Wanaofuga iguana, yule mjusi mkubwa mla majani, huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini hadi Mafinga, Njombe na Iringa, huwa na maswali ya namna mbili. Wapo wanaokuja na furaha: iguana wao ametulia mno, anashikwa na kila mgeni, hajawahi hata kuinua mkia. Wapo wanaokuja na huzuni: mnyama waliyemlea tangu akiwa na urefu wa kiganja sasa anawakimbia au anawachapa mkia. Hawa wa pili nawaambia wasiwe na haraka. Hawa wa kwanza ndio wananitia wasiwasi, na huwauliza kitu kimoja: chumba anacholala kina nyuzi ngapi alfajiri?

Iguana wa kijani kwao ni nchi za joto, kuanzia Meksiko kupita Amerika ya Kati hadi Brazili na Paragwai. Mwili wake hautengenezi joto. Huliokota kutoka juani na kwenye matawi yaliyopashwa na jua. Mbeya mjini ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na mwezi wa sita na wa saba usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 10. Mjusi aliyepoa kiasi hicho hawezi kukimbia, hawezi kuuma, hawezi hata kusaga chakula kilichomo tumboni. Anabaki mikononi mwako kwa kuwa hana nguvu ya kuondoka. Wengi huuita utulivu huo mapenzi, na wapo waliompoteza mnyama wakiamini hivyo.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na joto. Mazoea yanafuata.

Tarajia nini hasa

Kabla ya kusema iguana hakupendi, jua anakotoka. Jike huchimba shimo, hutaga, hufukia, hulilinda eneo kwa siku chache, kisha huondoka. Baada ya miezi mitatu hivi watoto wanatoka ardhini na hakuna mama anayewasubiri. Kwa hiyo mnyama huyu hana nafasi ya mama moyoni mwake ambayo wewe ungeijaza, na mtu anayengoja apokelewe mlangoni kama anavyopokelewa na mbwa atangoja bure.

Lakini si kweli kwamba ni kiumbe asiyejali mwenzake. Mwaka 1977 mtafiti Gordon Burghardt na wenzake, Harry Greene na Stanley Rand, walichapisha walichokiona Panama, kwenye kisiwa kidogo jirani na Barro Colorado: watoto wa iguana walikuwa wakichungulia mashimoni, wakitoka kwa makundi, wakifuatana na kugusana njiani. Uwezo wa kumtambua mwenzake anao tangu siku ya kwanza. Nyumbani uwezo huohuo ndio unaomfanya akutofautishe wewe na fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Anakuangalia kwa macho makali sana, na anakuonja kwa ulimi ili apate harufu yako.

Mazoea yake yana hatua. Kwanza anajua kwamba wewe si hatari. Halafu anajua kwamba ukija kuna kitu kizuri kinakuja. Mwisho, akiwa na joto la kutosha, tumbo limejaa na mlango wa kizimba uko wazi, anachagua mwenyewe kuja ulipo. Hiyo ya mwisho ndiyo dalili ninayoiamini. Matatizo mengi yaliyomo humu yanatokana na mtu kutaka hatua ya tatu wakati ya kwanza haijakamilika.

Pima kabla ya kuuliza

Nunua kipimajoto. Kile kinachowekwa kwenye mashine ya kutotoleshea vifaranga kinatosha, na maduka ya dawa za mifugo huwa nacho. Kiweke mahali pa kuotea joto, kisha upande wa pili wa kizimba, kisha pale anapolala. Penye taa panatakiwa nyuzi 35 hadi 38. Sehemu nyingine ya kizimba mchana iwe kati ya 27 na 32. Usiku isishuke chini ya 23. Upimaji wa saa nane mchana hausemi lolote. Amka saa kumi na moja alfajiri usome tena.

Kwa kupasha joto tuna bahati moja: huku watu wengi wanafuga kuku, na taa za bruda, zile za kuwapashia vifaranga joto, zinapatikana. Mchana taa ya bruda inafaa, mradi uizungushie wavu ili asiiguse. Iguana huungua ngozi akiwa ameng'ang'ania balbu na wala haondoki haraka. Usiku ni bora balbu ya kauri isiyotoa mwanga, kwa sababu naye anahitaji giza alale. Umbali wa taa usikisie. Sogeza mpaka kipimajoto kikuambie. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya mijusi sikushauri uyatumie, yanaunguza tumbo.

Umeme ukikatika usiku wa Julai, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa taulo, mweke mnyama kwenye boksi dogo pamoja nazo na ufunike blanketi ukiacha upenyo wa hewa. Badilisha maji yakipoa. Jiko la mkaa usiliingize chumbani kwa sababu yoyote ile. Hewa yake ya sumu haina harufu, na itamuua yeye na watu waliolala humo.

Dalili: asubuhi ni mpole kabisa, mchana ni mkali

Hili ndilo lililo kubwa kwa mikoa yetu, na chanzo chake karibu kila mara ni baridi.

Mtu anaamka saa moja, anamtoa iguana, anamweka begani, wanapiga picha. Mnyama ametulia, rangi imekolea kuwa ya giza, miguu imelegea. Saa saba mchana, jua la Mbeya likiwa kali na chumba kimepata joto, mtu huyohuyo anaingiza mkono na anapokea mkia usoni. Anahitimisha kwamba iguana wake ana tabia mbili, au kwamba kuna mtu nyumbani anamchokoza. Ukweli ni kwamba tabia ni moja. Ya mchana ndiyo yake, ya asubuhi ni ya mwili uliozimika.

Kwamba baridi inazima mnyama huyu kabisa si jambo la kubahatisha. Huko Florida, Marekani, ambako iguana wametapakaa, Januari 2020 ofisi ya hali ya hewa ya Miami iliwatahadharisha wakazi kwamba wasishangae wakiona iguana wakidondoka kutoka mitini usiku huo. Wengi wa namna hiyo hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamegandishwa na baridi wakaachia matawi.

Sasa fikiria anachojifunza yule anayeshikwa kila alfajiri. Anashikwa wakati hawezi kukataa. Michel Cabanac, mtafiti wa Quebec, Kanada, pamoja na mwenzake walichapisha mwaka 2000 vipimo vya mapigo ya moyo vya iguana walioshikwa taratibu na mtu: mapigo yalipanda. Nje mnyama ametulia, ndani moyo unakimbia. Rudia hilo kila asubuhi na utakuwa unamfundisha kwamba mkono wako ndio unaomjia akiwa hana uwezo wa kujitetea. Akipata joto atakulipa.

Jaribio lake ni rahisi. Kwa wiki mbili usimguse kabla hajaota joto saa mbili kamili. Washa taa mapema, mpe chakula, mwache. Mshike mchana tu, tena kwa dakika chache. Kama upole ulikuwa wa kweli, utauona hata akiwa na moto mwilini. Kama ulikuwa wa baridi, utamwona anavyokuwa kweli, na hapo ndipo kazi ya kumzoesha inapoanza. Wengi huvunjika moyo siku hizo kwa kudhani wamemharibu mnyama, ilhali ndiyo kwanza wanamfahamu.

Ukimkuta alfajiri amelegea kabisa, hafungui macho, hasukumi ukimgusa mguu, hilo ni la dharura. Mpashe polepole, chumba chenye joto kwanza, usimweke ghafla chini ya taa kali. Usimlishe mpaka achangamke, kwa sababu chakula kitaozea tumboni.

Dalili: anajipenyeza ndani ya sweta na hataki kutoka

Picha za namna hii zinapendeza, na huenda ni mapenzi. Lakini mwili wa binadamu una nyuzi 37, na katika chumba cha nyuzi 16 pale Uyole wewe ndiye kitu chenye joto kuliko vyote vilivyomo. Mjusi yeyote mwenye akili angekuja kwako.

Mwaka 1998 mtafiti Balasko na Cabanac huyohuyo waliwapa iguana wadogo uchaguzi mgumu: penye joto palikuwa na chakula cha kawaida, na penye baridi paliwekwa letusi wanayoipenda. Kadiri kona ile ya letusi ilivyozidi kuwa na baridi, ndivyo walivyopunguza kwenda kuifuata letusi, wakabaki na chakula cha kawaida penye joto. Kwa iguana, joto lina bei na anaijua. Kwa hiyo ukitaka kujua anakufuata wewe au joto lako, mpe joto mahali pengine. Washa taa juu ya tawi zuri, fungua mlango, kaa mita mbili pembeni ukiwa umevaa nguo zako za kila siku. Akitoka penye nyuzi 35 akatembea mpaka gotini kwako, akakuonja kwa ulimi na kupanda, basi amekuja kwa ajili yako, na una haki ya kufurahi.

Asipokuja haina maana anakuchukia. Ina maana tawi lina joto.

Dalili: anakimbia au anajigonga ukutani kila mkono unapoingia

Chunguza kwanza mkono unaingia kutoka wapi. Juu ya kichwa cha iguana, katikati, kuna doa dogo la rangi ya kijivu linalofanana na gamba la kawaida. Ni jicho la tatu. Halioni sura, linahisi mwanga na kivuli. Porini kivuli kinachotoka juu ni mwewe. Ukimfikia kutoka juu, mwili wake unatoa amri ya kukimbia kabla hajakutambua, na haijalishi umemlea miaka mingapi. Kizimba chenye mlango wa juu, au kilichowekwa chini sakafuni watu wakipita wamesimama, kinamtisha kutwa nzima. Kipandishe kifuani au zaidi, mlango uwe mbele, mkono uingie kwa ubavuni, polepole, kiganja kikielekea juu. Nimeona mabadiliko ya hilo peke yake yakimaliza kesi ambazo mwenye mnyama alikuwa ameshakata tamaa.

Sababu ya pili ni kioo. Iguana haelewi kioo. Anaona njia, anaisukuma kwa pua mpaka inachubuka, na wakati mwingine anaona taswira yake na kudhani ni mpinzani. Kidonda cha pua ni dalili ya makazi mabaya kabla ya kuwa dalili ya tabia mbaya. Funika sehemu ya chini ya kioo kwa karatasi, au mtengenezee kizimba cha mbao na wavu laini. Fundi seremala yeyote anaweza. Iguana aliyekomaa hufika mita moja na nusu pamoja na mkia, madume makubwa hukaribia mbili, kwa hiyo mwambie fundi apime kwa ajili ya huyo na si kwa huyu mdogo uliye naye leo.

Sababu ya tatu ni haraka yetu. Mnyama mgeni anahitaji wiki kadhaa za kuachwa. Kwa siku hizo kazi yako ni kukaa karibu na kizimba ukifanya shughuli zako: chambua mboga, soma, ongea na simu kwa sauti ya kawaida. Usimkodolee macho, kutazamwa moja kwa moja kwake ni vitisho. Akiwa anakula mbele yako bila kusimama kukuchunguza, anza kumpa kitu kizuri kwa mkono. Maua ya hibiskasi yanayoota kwenye uzio wa nyumba nyingi ni chambo kizuri kuliko vyote ninavyovijua, hasa mekundu, ila yawe hayajapigwa dawa. Baada ya hapo mguse ubavuni kwa sekunde chache huku anakula, toa mkono kabla hajaondoka. Siku nyingine ongeza. Unapombeba, bebesha kifua na miguu yote minne. Mguu ukining'inia hewani anadhani anaanguka na atakucharua kwa kucha. Na mkia usiuvute, maana unakatika.

Jambo linalowashinda wengi ni lini wamwachie. Ukimwachia kila anapopapatika, amejifunza kwamba kupapatika kunafungua mkono. Ukimbana mpaka achoke, amejifunza kukuogopa. Njia ya katikati ni kumshikilia bila kubana, kumwacha atembee kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kumrudisha nyumbani pale tu anapotulia, hata kama utulivu wenyewe ni wa muda wa kuvuta pumzi. Hapo ndipo uvumilivu wa mfugaji unapoonekana, na sijawahi kuona njia ya mkato.

Ishara za kichwa, kidevu na mkia

Kutikisa kichwa polepole, juu chini, ni salamu au tangazo: niko hapa, hapa ni kwangu. Usiijibu kwa kutikisa chako. Kutikisa haraka haraka kwa mkupuo ni onyo. Ngozi ya kidevuni ikishuka huku mwili ukigeuzwa ubavu na kubanwa ili aonekane mkubwa, amekasirika. Lakini ngozi hiyo ikishuka tu akiwa anaota jua, anajipasha. Mkia ukipinda kama upinde na kutetemeka nchani, rudi nyuma, pigo linakuja. Mdomo wazi akiwa mbali na taa ni tishio, ukiwa wazi chini ya taa ni joto limezidi, punguza.

Kufumba macho akishikwa kunawachanganya watu. Akifumba huku mwili umelegea, kidevu kimelazwa mkononi, na yupo katika joto lake, amestarehe. Akifumba lile jicho lililo upande wako tu, mwili umekakamaa, anajaribu kukutoa machoni pake. Mrudishe.

Dalili: alikuwa mpole miaka yote, sasa ananishambulia

Kama ni dume aliyefikia umri wa miaka miwili, mitatu, uliza msimu. Angalia chini ya mapaja: madume wana safu ya vitundu vinavyotoa kitu kama nta, na msimu wa kupandana ukifika nta inazidi. Rangi ya chungwa hutokea miguuni na kifuani, hamu ya kula inapungua, kichwa hakiachi kutikisika. Kipindi hicho, ambacho huweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu, anaweza kumfukuza mtu yuleyule aliyekuwa analala mapajani mwake. Hujakosea kitu. Damu yake imebadilika.

Usishindane naye wala usimwadhibu. Funika vioo vyote, mpunguzie kushikwa, ingia ukiwa umevaa koti zito na glavu za ngozi, mwelekeze kwa taulo badala ya mkono. Meno yake ni madogo yenye makali kama msumeno, na kidonda cha dume mkubwa kinahitaji kushonwa. Akikung'ata usivute, nyama itachanika. Mfunike kichwa kwa kitambaa na usubiri aachie. Wapo wanaompa kitu cha kumalizia hamu yake, taulo la zamani au soksi kubwa, na inasaidia. Kwao majira hufuatana na urefu wa mchana, joto na ukavu. Kwako yatafuatana na taa zako na hali ya hewa yako, kwa hiyo andika tarehe daftarini. Mwaka unaofuata utakuwa umejiandaa, na msimu ukipita, wengi hurudi walivyokuwa.

Kama ni jike, anayezunguka bila kutulia, anachimba kila kona, ameacha kula na tumbo linaonekana lina vinundu, ana mayai. Hahitaji dume ili atage. Anaweza kubeba mayai 20 hadi 70, na asipopata mahali pa kuchimba anaweza kuyashikilia mpaka yamuue. Mpe boksi kubwa lenye giza, mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu na joto. Akichoka ghafla au akijikamua bila kutoa kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Dalili: anakataa kuguswa mguu au taya, anatetemeka

Hapa acha kabisa habari ya mazoea. Iguana anayeuma anapoguswa sehemu moja ana maumivu, na maumivu yanayowapata wengi ni ya mifupa kukosa madini ya kalisi. Taya linakuwa laini, mapaja yanavimba na kuonekana yamenenepa, vidole vinatetemeka, baadaye hawezi kupanda. Watu humsifia kuwa ametulia.

Chanzo ni mambo mawili yanayoshikana. La kwanza ni mionzi ya UVB, ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Kioo cha dirisha huizuia. Kumweka nyuma ya dirisha linaloingiza jua kunampa joto na kumnyima kile anachokihitaji zaidi, na tangi la kioo juani humwivisha. Ilhali jua letu la kiangazi, Juni hadi Septemba, ni hazina: hewa ni ya baridi lakini mwanga ni mkali. Mtoe saa tano hadi saa nane katika kizimba cha wavu, nusu yake iwe na kivuli, mahali pasipo na upepo, ukiwa karibu. Masika, Tukuyu inapofunikwa na mawingu siku baada ya siku, utahitaji taa ya UVB, na ibadilishwe kwa muda uliopendekezwa hata kama bado inawaka.

La pili ni sahani. Mchicha na spinachi zipo kila genge kule Mwanjelwa, lakini zina kemikali inayoifunga kalisi, hivyo ziwe za mara mojamoja. Weka msingi kwenye majani ya haradali, figiri, majani ya maboga, mchunga na majani ya mforosadi. Boga lililokwaruzwa na papai kidogo vinafaa. Parachichi usimpe, hata kama mnazo gunia zima kutoka Rungwe; lina sumu kwa wanyama wengi. Wala usimpe nyama, mayai au chakula cha mbwa. Huyu ni mla majani.

Daktari wa mifugo wa wilaya huenda hajawahi kumtibu iguana, lakini anaweza kuwasiliana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa hiyo mwendee na maelezo ya vipimo vya joto, taa na chakula. Nenda na nyaraka za mnyama pia. Iguana wa kijani yupo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na anayemmiliki anapaswa kuweza kuonyesha alivyoingia nchini kihalali.

Dalili: ninao wawili, wanalaliana kila siku

Udugu upo kwa watoto. Watafiti Rivas na Levin waliwahi kuonyesha kwamba hatari inapotokea, madume wadogo huwafunika dada zao kwa miili. Lakini iguana wawili wakubwa wanaopandiana chini ya taa moja si habari njema. Aliye juu anachukua joto na mionzi yote, aliye chini anabaki kivulini mwake, na baada ya miezi utaona mmoja anakua na mwingine amedumaa, rangi imefifia, hali chakula mwenzake akiwepo. Watenge. Ukishindwa, angalau weka taa mbili na sahani mbili ambazo hawawezi kuzilinda kwa pamoja. Madume wawili wasiishi pamoja kamwe.

Dalili: amemzoea mtu mmoja tu nyumbani

Mara nyingi mtu huyo si aliyemnunua. Ni dada anayesaidia kazi, au bibi, kwa sababu wao ndio wapo saa anapoamka na ndio wanaoweka majani. Hakuna ubaya. Ukitaka naye akuzoee, chukua mlo mmoja uwe wako, saa ileile, harufu ileile. Manukato mapya au sabuni kali humfanya akuonje upya kama mgeni.

Bibi akisema ni kenge na hataki amkaribie, mwacheni na msimlazimishe. Anayeogopa hushtuka, na mshtuko wake humfundisha mnyama woga. Watoto wakae chini, wampe ua wakiwa na mtu mzima, wasimbebe. Walio chini ya miaka mitano wasimguse kabisa, kwa sababu iguana mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Kila aliyemshika anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine, na maji ya vuguvugu anayoogeshewa yamwagwe nje au chooni, si kwenye sinki la vyombo. Beseni lake liwe na alama, na lisirudi jikoni.